Isale la Jumatatu Asubuhi

Darasa letu lilikuwa upande wa Rau, kwenye jengo lililokuwa ghala la mahindi kabla chuo hakijalikodi. Mvua ikipiga mabati mwalimu alinyamaza, nasi tukanyamaza naye, tukabaki kutazama mchoro aliokwisha kuuchora ubaoni. Siku nyingi ulikuwa mchoro ule ule: mstari unashuka, unatambaa chini kwa muda mrefu, kisha unapanda tena. Wenyewe wanauita beseni. Ndiyo maisha ya mashine, alisema. Ikiwa mpya inasumbua, ikizoea inatulia, ikizeeka inaanza tena kusumbua, na safari hiyo haitulii.

Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, mkubwa kuliko wote mle ndani, mwalimu akiwemo. Vijana waliniita mzee. "Andika taratibu, mzee," walinitania nilipoinamia daftari, "mtihani hauna kiinua mgongo." Sikuchukia. Nilikuwa nimetoka mbali kufika kwenye lile dawati.

Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka nyumbani, Uru mlimani, na begi moja. Nimefunga mabomba kwenye kiwanda cha sukari huko tambarare, nimebadilisha beringi kwenye mitambo ya katani Tanga, nimelala kambini kwenye migodi ya Kanda ya Ziwa. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoizoea njia ya kwenda kazini, miguu ikawa inakwenda yenyewe bila mimi kufikiri. Hapo ndipo ilipoanza kuwasha, nikahama. Na kila nilipohamia nilianza kukumbuka nyumbani: harufu ya maganda ya kahawa yakichacha nyuma ya banda, maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yakipita chini ya migomba, baridi ya asubuhi inayomfanya mtu aongee huku ameficha mikono kwapani. Nilikumbuka, lakini sikurudi. Baba akasema kwenye simu, "Umeshika spana nchi nzima. Ungerudi sasa ukasomea hicho unachokifanya." Chuo kilipotangaza kwamba kinapokea watu wazima wenye uzoefu wa kazi, kwa mtihani, nikafanya mtihani, nikapita. Nikapanga chumba Njoro, chini mjini. Kozi yenyewe iliitwa uboreshaji wa michakato na uhandisi wa matengenezo, jina refu kama treni ya mizigo.

Nilipenda karibu yote tuliyofundishwa. Nilipenda kwamba mambo niliyokuwa nimeyafanya kwa mazoea yalikuwa na majina. Somo moja halijaniacha mpaka leo. Mwalimu alikuwa anatueleza aina za matengenezo: kuna kutengeneza kwa ratiba, kuna kutengeneza kwa kuangalia hali ya mashine, na kuna kuacha mpaka ife.

"Taa ya chumbani kwako unaifanyia sevisi?" alimuuliza kijana mmoja wa mbele.

"Hapana, madam."

"Unasubiri nini?"

"Iungue."

"Basi, hayo nayo ni matengenezo."

"Madam, kama ni hivyo sisi kwetu ni wahandisi ukoo mzima," kijana alisema. "Kila kitu tunaacha mpaka kife."

Tulicheka sana. Yeye alitabasamu tu, akangoja tumalize. "Tofauti ni moja," akasema. "Kwenu mmesahau. Mhandisi ameamua. Ameamua mapema, macho wazi, na anajua atafanya nini siku hiyo ikifika."

Kisha akatupa kazi ya muhula: kila mtu atafute mashine moja anayoweza kuifikia, achunguze inavyofanya kazi na inavyotunzwa, aseme angeboresha nini. Wenzangu walikimbilia viwandani kuomba ruhusa. Mimi nikachagua mashine ya baba ya kumenyea kahawa, ile ya mkono, yenye gurudumu kubwa na mpini, iliyokuwa imesimama bandani tangu nikiwa mtoto.

Jumamosi nilipanda Uru. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na banda.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanafunzi." Alipenda kulitamka neno hilo kwa sauti, jirani wa ng'ambo ya mfongo alisikie. "Wiki hii mmefundishwa nini?"

Nikamwambia tumefundishwa kutafuta chanzo cha tatizo kwa kuuliza kwa nini, tena na tena, mara tano, mpaka ufike kwenye mzizi. Akaniambia nijaribu. Kahawa ilikuwa inatoka imepondeka, punje nyingine zimekatika katikati. Nikaanza.

"Kwa nini inapondeka?"

"Kwa sababu mashine imebana."

"Kwa nini imebana?"

"Kwa sababu skrubu imekazwa."

"Kwa nini imekazwa?"

"Kwa sababu nimeikaza mimi."

"Kwa nini umeikaza?"

"Kwa sababu mashine ni yangu."

"Baba, bado moja."

"Hiyo ya tano kamuulize mama yako," alisema, akaelekeza kidevu kwenye migomba alikozikwa mama. "Yeye ndiye alikuwa anajua kwa nini mimi niko hivi."

Dada yangu, aliyeolewa vihamba vichache, yaani mashamba machache ya ukoo, chini ya kwetu, alikuwa anamenya ndizi za mtori mlangoni. Hakucheka. "Ukimaliza kuuliza mashine," aliniambia, "muulize na miguu."

Ndipo nilipotazama chini. Baba alikuwa amevaa kandambili, na mikanda yake ilikuwa imezama ndani ya nyama ya miguu kama uzi uliofungwa kwenye unga uliokandwa. Alisema ni umri. Alisema ni kukaa sana. Dada akasema hata uso asubuhi unakuwa umejaa, na usiku anakaa kitandani badala ya kulala, anatafuta pumzi. Wiki iliyofuata tulimteremsha hospitali.

Zilikuwa figo. Daktari alieleza polepole, kwa heshima, akimwita baba mzee wangu. Figo zilikuwa zimebakiza nguvu kidogo sana na hazingerudi. Kilichokuwepo ni kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, muda wote wa maisha yake. Akatupeleka tukaione.

Naona aibu kidogo kusema jinsi nilivyoitazama. Niliitazama kama mwanafunzi. Niliona pampu ndogo ikizunguka, mirija, vioo vya namba, na kabla sijajizuia nilikuwa nimeshamuuliza muuguzi wanaisafisha vipi kati ya mgonjwa na mgonjwa, na ikigoma wanamwita nani. Baba hakuitazama mashine. Alimtazama mwanamume aliyelala pembeni yake, mtu wa rika lake, amefumba macho, mkono umenyooshwa kama si wake. Alimtazama mpaka tulipotoka.

Kwetu jambo kama hilo haliamuliwi kwenye simu. Kaka yangu, ambaye anauza vipuri Dar es Salaam, alipanda, dada akaja, tukakaa kikao Jumamosi sebuleni kwa baba. Dada alikuwa ametafuta mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa sababu kikao bila mbege ni maongezi tu. Kata ikazunguka. Baba alikuwa amekatazwa vinywaji. Ilipomfikia aliishika kwa mikono miwili, akaigusisha mdomoni bila kunywa, akampa kaka.

Kaka alikuwa ameshaamua kabla hajafika. "Mashine ipo, iko hapo chini mjini tunaiona," alisema. "Baba hawezi kufa amekaa kigodani wakati mashine ipo. Shamba la chini tuliuze, lile la mahindi. Hakuna wa kulilima."

"Na nani atamteremsha na kumpandisha?" dada akauliza. "Mara tatu kwa wiki, na barabara hii mvua ikinyesha?"

"Mimi," nikasema.

Alinigeukia. "Wewe? Wewe umewahi kukaa wapi, mdogo wangu, zaidi ya misimu miwili?"

Kaka alicheka, mimi nikashindwa kucheka. Nikasema nitaacha chuo kwa muda, nitahama Njoro nije kulala hapa. Mimi ni kitinda mimba. Kwa mila yetu nyumba ya baba ni yangu, na baba mwenyewe akizeeka ni wangu. Miaka yote nilikuwa nimeiacha mila hiyo ikinisubiri. Siku hiyo niliitaka. Nilitaka wote wanione nikikaa mahali.

Kaka akamgeukia baba. "Baba, unasemaje?"

"Mmesema vizuri," baba akajibu.

Tukapiga makofi kidogo, kama inavyofanywa jambo likikubalika, na kata ikazunguka tena.

Jumapili, baada ya misa, nilifanya kazi niliyoifurahia kuliko kazi yoyote ya chuo. Nilitembea njia yote kutoka mlango wa baba mpaka barabarani, nikatafuta pa kuweka jiwe la kupumzikia, nikang'oa mzizi uliokuwa unakwaza. Nikapanga gari litoke kabla wanafunzi hawajajaza barabara, ili asikae foleni, kwa kuwa tumefundishwa kwamba kusubiri ni upotevu wa kwanza kuondolewa. Nikafikiria mto wa mgongo, chakula cha kurudi nacho, siku za utelezi. Nilikuwa na furaha. Baba yangu anakufa na mimi nina furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilichojifunza kilikuwa na mtu wa kumfaa.

Jumatatu asubuhi gari la kukodi lilikuwa limesimama juu, barabarani, linanguruma. Kaka alikuwa ameshuka kutuuliza kwa nini tunachelewa. Dada alikuwa ameshika koti la baba. Baba hakuwemo chumbani. Tulimwita. Akatokea nyuma ya nyumba, kwenye ua wa masale unaotutenga na jirani, anatembea kwa kujishika kwenye migomba. Mkononi alikuwa na jani la isale, amelipiga fundo.

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Mtu akimkosea mwenzake kosa zito, kosa ambalo maneno hayatoshi, anachuma isale, analipiga fundo, analipeleka. Anayepelekewa akilishika, amesamehe na amekubali anachoombwa. Na halikataliwi. Watu wameshikishwa isale kwa damu ya ndugu zao wakalishika. Kuliacha likining'inia mkononi mwa mtu ni kujitafutia laana, hata kwa sisi tunaoamka na rozari.

Baba alikuja mpaka mbele yangu. Sikuwa mkubwa hapo, lakini nyumba ni yangu.

"Nimewakosea," alisema. Alikuwa anahema. "Kwenye kikao nilisema mmesema vizuri. Nilisema hivyo kwa kuwa mlikuwa watatu chini ya paa moja, sikutaka mwondoke mmenuniana. Moyoni nilikuwa nimekataa. Baba kudanganya watoto kwenye kikao, na kata imezunguka, ni kosa. Naomba mnisamehe. Na naomba mniache hapa."

"Baba, mzazi hampi mtoto isale," kaka akasema.

"Nani kakwambia?"

"Haijawahi kuonekana."

"Isale anatoa aliyekosa. Mimi nimekosa. Au mzazi hakosi?"

Kaka akanigeukia mimi, akaniita kama tunavyoitana wanaume wa kwetu. "Mbe, usilishike."

Mkono wa baba ulibaki umenyooka.

"Usilishike!" kaka akapaza sauti. "Ukilishika umemuua!"

Nililishika.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilifikiri nini. Ningependa kuandika kwamba nilikumbuka maneno ya mwalimu, kwamba kuacha ni uamuzi, mapema, macho wazi. Sikukumbuka chochote. Baba yangu alikuwa amesimama na isale na mkono wangu ukatoka. Huenda yeye aliamua. Mimi mkono wangu ulijua mila kuliko mimi.

Dada alilirudisha koti kwenye msumari. Kaka alipanda barabarani, akaingia kwenye lile gari, likateremka naye. Hakuaga.

Watu husema mtu akichagua kufia kwake hufa vizuri. Nilikuwepo. Ngozi ilimwasha mchana kutwa, akawa anajikuna kwa gunzi la mahindi mpaka damu. Chakula kilimrudi. Pumzi yake ilinuka mkojo, na yeye alijua, akawa anageuza uso akiongea nasi. Hakuweza tena kulala chali; alikaa, amekumbatia mto ule niliokuwa nimeununua kwa ajili ya gari. Kwikwi zilimshika asubuhi zikamwacha jioni. Daktari wa zahanati alitupa dawa za kupunguza kuwashwa na za usingizi, zilisaidia siku fulani na siku nyingine hazikusaidia. Padri alikuja kumpaka mafuta. Dada alimwosha, mimi nikamwinua, na siku moja tukiwa tumemshika hivyo dada aliniambia juu ya kichwa chake, bila hasira, "Hilo jani lenu halikunii mtu mgongo."

Kahawa ilikuwa imeiva. Wavunaji walileta ndoo na mtu alilazimika kumenya, kwa hiyo nilimenya, mashine nikiwa nimeisogeza karibu na dirisha lake asikie. Nililegeza ile skrubu. Kahawa ikaanza kutoka nzima, nyeupe, inateleza. Kutoka ndani nikamsikia.

"Umelegeza."

"Nimelegeza, Baba."

Nikaendelea kuzungusha mpini.

"Haya," akasema.

Siku chache kabla ya mwisho, saa za alasiri, alifumbua macho akaniuliza, "Gari limekuja?"

Dada na mimi tulitazamana. Nikamuuliza gari gani. "Gari," akasema, kama anaongea na mjinga. Nikatoka uani nikampigia kaka Dar. Hatukuwa tumeongea tangu Jumatatu ile. Nikamwambia baba anauliza gari. "Unangoja nini?" akapiga kelele. "Mpeleke! Kabadili mawazo mwenyewe, mpeleke!" Nilikimbia ile njia, nikapita lile jiwe nililoliweka, nikapata gari kwa mtu wa dukani, nikarudi na dereva tukiwa na blanketi la kumbebea. Baba alikuwa amekaa wima na mto wake. Alimtazama dereva, akalitazama blanketi.

"Nani kaita gari?"

"Wewe, Baba. Uliuliza."

"Mimi?" Akanyoosha kidole juu ya mlango, nilipokuwa nimelichomeka lile jani kwenye boriti. "Na lile ni nini?"

Dereva, mtu mzima, alipoliona isale alivua kofia. Akamwambia baba, "Meku, pole," yaani mzee, akakunja blanketi letu vizuri, akaondoka bila kutaka chochote.

Sijui mpaka leo ni yupi alikuwa baba yangu, aliyeuliza gari au aliyelikataa. Daktari wa zahanati alisema sumu ikijaa kwenye damu mtu huchanganyikiwa. Hakusema ni saa ipi alikuwa amechanganyikiwa.

Alikufa asubuhi, dada akimlisha uji, kati ya kijiko na kijiko.

Tulimzika kwenye kihamba pembeni ya mama, na kaka akapanda masale kichwani pa kaburi kama inavyompasa mtoto mkubwa. Alipomaliza kufuta udongo mikononi alisimama karibu nami, watu wakadhani ananipa pole. "Wewe ulilishika," akasema. Ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia.

Chuoni nilirudi siku moja. Vijana walisimama wote nilipoingia, wakanishika mkono mmoja mmoja, hakuna aliyenitania, na hilo lilinivunja zaidi ya utani. Mwalimu aliniita pembeni. Mitihani ilikuwa imenipita, lakini akasema zipo taratibu za mtu aliyefiwa, nitafanyiwa ya peke yangu. Akauliza kuhusu kazi ya muhula.

"Mashine inamenya vizuri sasa," nikamwambia.

"Basi andika ulichofanya na kwa nini."

Nikamwambia nitaandika. Nilikaa chumbani Njoro na karatasi mbele yangu. Ya skrubu niliweza kuyaandika. Yaliisha kwenye ukurasa mmoja. Kisha kulikuwa na sehemu ya mwisho, wanayotaka ueleze kwa kila uamuzi nani aliufanya na kwa msingi upi. Niliiacha hapo. Vijana nasikia walisema mzee kadisco, kaachishwa chuo, na kwa namna fulani ni kweli.

Bado nakaa Njoro. Sijaondoka, na miguu inawasha kila siku. Jumamosi napanda Uru, natia mafuta kwenye mashine, nafungua madirisha, nakula kwa dada, nateremka kabla giza halijaingia. Kwenye nyumba ile, ambayo ni yangu, sijalala tangu tulipozika. Jani limekauka kwenye boriti, limekuwa rangi ya tumbaku, fundo bado limekaza.

Dada ananiambia niyamalize na kaka. Anasema ni rahisi, dawa imeota uani, nichume nimpelekee Dar, hawezi kulikataa. Na kweli kila Jumamosi nasimama pale kwenye ua, mara nyingine jani nimeshalishika kwenye shina. Lakini isale hulibeba aliyekosa, na ukifika nalo lazima useme kosa lako, kama baba alivyosema lake. Nasimama nikilitafuta. Nikisema kosa langu ni kulishika, nimemwambia baba kwamba hakustahili kusamehewa na mtu yeyote. Nikisema sikukosa, naenda Dar kufanya nini?

Naliachia jani, naenda kufunga madirisha.